Mvinyo wa Nzilo na Blauzi ya Ndaya

Dilala, Kolwezi,
tarehe 21 Agosti 1994.

Mpendwa wifi yangu Kabedi, Mama Ndaya,

Nakusalimu salamu za asubuhi na za jioni kwa pamoja, maana sijui barua hii itakukuta saa ngapi. U hali gani huko Mwene-Ditu? Mgongo umeacha kukusumbua? Na miguu je, bado inavimba? Watu waliotoka huko wametuambia kwamba umepata chumba karibu na stesheni na kwamba unauza vitumbua. Nilimshukuru Mungu, halafu nikawahurumia watu wa Mwene-Ditu, kwa sababu mimi vitumbua vyako navikumbuka.

Sisi huku ni wazima. Barnabé, mume wangu, kila asubuhi anavaa ovaroli anakwenda karakana, anakaa na wenzake kuitazama mashine isiyozunguka, halafu anarudi akisema amechoka. Tunakula ugali na majani ya mihogo, na Jumapili tunabadilisha, tunakula majani ya mihogo na ugali.

Kuhusu nyumba yako, wamo watu wengine. Wameukata mparachichi. Sitaandika zaidi juu ya jambo hilo, nitakuja kuichana karatasi bure.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka mwaka jana pale stesheni, walipokupandisha kwenye behewa wakisema wewe ni wa Kasai, urudi kwenu, wewe uliyezaliwa hapahapa Kolwezi na hujawahi kuiona Kasai hata kwenye picha. Ndaya wakasema ni wa baba yake, marehemu kaka yangu, kwa hiyo abaki. Nilikushika mkono, nikakuahidi kwamba mtoto huyu hataolewa kama mtu aliyeokotwa njiani, ataolewa kwa heshima zote. Tangu siku hiyo ahadi ile imenikalia kooni.

Mchumba wa Ndaya unamjua. Ni Dodo, yule kijana mrefu anayetengeneza baiskeli, mtoto wa Tata Kabemba. Wanapendana mpaka wanachosha. Tata Kabemba mwenyewe alikubali tangu zamani. Tatizo lilikuwa dada yake mkubwa, Mama Godelieve, shangazi wa Dodo.

Unajua mambo yalivyo kwao, na kwetu ni hivyohivyo. Shangazi mkubwa ndiye anayetia maji au pombe kinywani, akaweka mkono juu ya kichwa cha bibi harusi aliyepiga magoti, akampulizia kifuani. Asiyepuliziwa, hata padri amfungishe ndoa kwa kengele zote, ukoo utaendelea kumwita mgeni mpaka azeeke. Na Mama Godelieve alikuwa amesema hatampulizia mtoto wa mama wa Kasai. Alisema wakati huu si wakati wake, kwamba hataki mawe juu ya bati lake. Nilimkasirikia sana. Halafu nikakumbuka kwamba mawe kweli yalirushwa, tena kwenye bati lako, nikaendelea kumkasirikia lakini kwa sauti ya chini.

Basi Tata Kabemba akapata wazo. Alisema dada yake hawezi kusema hapana akiwa ameshiba, amekaa kivulini, anatazama maji. Akatualika sote ziwani Nzilo kutembelea kiwanda chake cha mvinyo.

Usicheke kabla sijafika. Tata Kabemba alikuwa baamani wa ile klabu ya wazungu wa kampuni pale ziwani, ile tuliyokuwa tukiichungulia kupitia waya siku za sikukuu. Wazungu walipoondoka baada ya uporaji wa mwaka tisini na moja, yeye alibaki na funguo. Milango iliibwa mmoja baada ya mwingine, lakini funguo bado anazo zote na anazibeba kiunoni. Mvinyo wa Ulaya ulipokwisha, akaanza kutengeneza wake.

Tulikwenda Jumapili iliyopita na lori la Asani, mtoto wa Mama Zena, anayefuata samaki huko. Mama Godelieve alikaa mbele na mkoba wake mapajani. Sisi, pamoja na Ndaya na Dodo, tulikaa nyuma juu ya makreti ya samaki. Barnabé bado analalamikia harufu yangu, ingawa kreti tulikalia moja.

Kabedi, ziwa lile ni zuri. Najua ni maji ya bwawa la umeme tu, lakini vilima vimelizunguka vizuri, maji yametulia, na upepo wake hauna lile vumbi letu jekundu. Nilivua viatu nikaweka miguu majini, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nikasahau kuwa na hasira. Baadaye nikaona aibu kwa kusahau. Ningetaka ungekuwepo.

Barnabé alikuta chombo kile cha wazungu cha kukanyaga kwa miguu majini, wanachokiita pedalo. Kimebaki na pedali moja. Akakivua kwenye majani, akapanda, akakanyaga kwa nguvu zote, na kwa kuwa ni pedali moja chombo kikawa kinazunguka palepale. Hakuweza kurudi, lakini hakutaka kukubali. Kila uso wake ulipogeukia upande wetu alipunga mkono na kusema mandhari ni nzuri sana.

Tata Kabemba alitupokea amevaa koti lake jeupe la ubaamani, kitambaa mkononi. Kwanza alituonyesha shamba la mizabibu. Ni mzabibu mmoja, nyuma ya jiko. Alituzungusha mara mbili ili tuuone pande zote. Una vishada viwili, na amevifunga soksi ili ndege wasile.

Kisha akatuingiza stoo. Humo kuna madumu makubwa ya kioo yenye mipira inayoingia kwenye maji, nayo yanatoa mapovu blu-blu-blu. Mama Godelieve akamwuliza mdogo wake kama hayo madumu yameshapelekwa kwa daktari. Mvinyo wenyewe hautokani na zabibu. Mmoja ni wa masuku, yale matunda ya porini, mmoja wa nanasi, na wa tatu mwekundu kabisa, wa maua ya ngai-ngai, ule mmea ambao majani yake tunapikia samaki.

Tukakaa barazani, tukitazama ziwa na mume wangu akizunguka. Ndipo Tata Kabemba akatufundisha kuonja. Alisema kuna utaratibu, aliuona kwa macho yake miaka mingi. Ndaya alipewa kazi ya kushika ndoo.

«Bazungu balikuwa nafanya hivi,» akasema. «Unaweka mu kinywa, unazungusha, unatema. Hapana kumeza.»

«Njo maana balirudia kwabo,» akasema Mama Godelieve, akameza.

Mvinyo wa masuku alimeza. Wa nanasi alimeza, akanyoosha kikombe tena. Tata Kabemba alikuwa anateseka, maana kwake utaratibu ule ni kama misa. Ulipofika ule mwekundu akamsihi dada yake kwamba huu haujatulia bado, utamsumbua tumbo, auteme, amheshimu walau mara moja. Mama Godelieve akamwonea huruma. Akajaza kinywa, akazungusha mashavu yakavimba, akatafuta ndoo kwa macho.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa sina neno la kuongeza. Ndaya ulimlea wewe. Hawezi kusimama wima mbele ya shangazi mkubwa wa wakwe. Kwa hiyo alipomletea ndoo alipiga magoti, akainamisha kichwa, akaisogeza ndoo kwa pembeni kwa mikono miwili. Mama Godelieve ana kinywa kilichojaa. Mbele yake kuna msichana amepiga magoti, ameinama. Huyu ni mwanamke aliyewabariki watoto wa ukoo wake wote, wengine wana wajukuu. Nikaona mkono wake wa kulia unainuka wenyewe, unatua juu ya nywele za Ndaya, na kabla mtu hajasema kitu akampulizia, pfuuu, kuanzia bega la kulia mpaka kiunoni. Na blauzi ilikuwa ile nyeupe ya kanisani, uliyomshonea mwenyewe.

Wanawake waliokuwa wakiparua samaki chini ya baraza waliona, na wao hawajui habari za kuonja, wanajua walichokiona. Wakapiga vigelegele. Barnabé akageukia upande wetu, akauliza kumetokea nini, na chombo kikamgeuza tena kabla hajajibiwa.

Tata Kabemba, maskini, akataka kusaidia. Akasema ni bahati mbaya tu, alete sabuni, doa litatoka likiwa bichi. Mimi nilitamani kumziba mdomo. Nilijua dada yake akisema neno moja tu, kwamba ule ulikuwa mvinyo na si baraka, tumekwisha.

Mama Godelieve akafuta midomo polepole. Akamtazama Ndaya, ambaye alikuwa bado amepiga magoti, anachuruzika mvinyo mwekundu, wala hajainua macho.

«Nani anaosha?» akasema. «Mi nilishamubariki. Unataka nirudishe baraka mu kinywa?»

Kabedi, nililia. Nililia mbele ya watu, na Dodo akalia, na Tata Kabemba akafuta machozi kwa kile kitambaa. Ndaya peke yake hakulia, alikuwa ameshika ndoo ambayo hakuna mtu aliyeitumia.

Mpaka leo sijui kama kilikuwa kinywa chake kilichozoea, au kama alikuwa anatafuta njia ya kurudi nyuma bila kuonekana amerudi. Nilimwuliza Barnabé, akasema ulikuwa mvinyo tu. Lakini yeye hakuona kitu, alikuwa ametazama upande mwingine. Tulimtoa majini kwa kamba ya lori.

Wakati wa kurudi Mama Godelieve alikataa kiti cha mbele. Alikaa nasi juu ya makreti, na mkoba wake, akiitazama blauzi. Akaniuliza kama mama wa mtoto atakuja kwenye harusi. Nikamwambia huwezi, umefungiwa njia ya kurudi huku, na yeye mwenyewe anajua. Tukaanza kuona mabomba ya moshi ya kiwanda cha mjini. Kisha akasema:

«Basi ule mutoto iko na baraka ya upande moja tu. Mutumie mama yake blauzi. Hapana kuiosha.»

Kwa hiyo ndani ya furushi hili utakuta blauzi, na utakuta chupa moja ya ule mvinyo mwekundu. Asani atakupa kwa mkono wake mwenyewe, anapakia mzigo kwenye treni na kusafiri nao. Yeye ni Mwislamu safi, na hakutaka kusikia kilichomo. Alisema yeye anabeba furushi, hachunguzi furushi, na akaomba tulifunge vizuri ili lisimseme njiani.

Ukilipokea, kaa mahali palipotulia. Tia mvinyo kinywani. Najua utaupenda, lakini nakuomba usimeze, angalau ule wa kwanza. Iweke blauzi mbele yako kana kwamba yeye ndiye amepiga magoti, weka mkono juu yake, mwite kwa jina, umpulizie. Halafu mpe Asani aturudishie blauzi. Harusi itakuwa mvua zikianza, na Ndaya ataivaa hiyo hiyo. Fundi wa nguo amelalamika, tumemwambia anyamaze. Doa la Mama Godelieve liko upande wa kulia. Upande wa kushoto tumekuachia mweupe, ni wako.

Nisalimie kaka yako Kanku, na shangazi Rachelle ambaye najua ananisema vibaya, mwambie nampenda vilevile. Barnabé anakusalimu, na anasema pedali ya pili anaitafuta. Mungu akufunike huko uliko, akuponye mgongo, na siku moja aifungue njia uje kula nasi, hata kama ni vitumbua vyako.

Wako akupendaye hata ukinuna,
wifi yako,
Huguette

Ndaya ameniomba nimwachie nafasi hapa chini. Ameikalia karatasi jioni nzima na ameandika hivi tu:

Mama, usiogope kuichafua.