Gari Lililokataa Kona

Jumamosi, Agosti. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi, na mimi sina hamu ya kuongea na mtu.

Msimu mzima nimekuwa navuta mkia. Wanawake tunaoendesha magari ya rali hapa Dodoma tunahesabika, kwa hiyo nikishindwa kila mtu anajua. Kila kona ni yale yale: nakata usukani, pua ya gari inang'ang'ania kwenda mbele, tunatoka nje ya njia. Dawa yake ni kuingia kona polepole. Nikaingia polepole, wenzangu wakanipita.

Mume wangu ndiye fundi wangu. "Labda ni umri, Mama Neema," aliniambia siku moja, akacheka. Nikacheka naye, kisha nikaenda bafuni kulia.

Leo alikwenda Ihumwa kutafuta spea. Bomba la moshi lilikuwa linagonga, nikaingia uvunguni mwenyewe.

Stabilaiza ya nyuma haipo.

Ni kile chuma kinachozuia gari lisilale upande kwenye kona. Ukiondoa cha nyuma, matairi ya nyuma yanashika ardhi kuliko ya mbele, na gari linagoma kugeuka. Mkia hautelezi ovyo, lakini kasi ya kona umeiaga. Nilikikuta stoo, nyuma ya gunia la mtama, kimefungwa kwa kanga yangu kuukuu.

Aliporudi hakubisha.

"Mkia ulipoteleza ukabiringika njia ya Mtera, nani alikutoa garini? Wewe hukumbuki, ulikuwa umezimia. Mimi nakumbuka kila siku."

"Ungeniambia, Baba Neema."

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Nikamwambia akirudishe. Alikifunga, na nilimchukia kila alipokaza nati. Ameniacha nijione sifai, miezi yote hii, huku akinipikia chai!

Jioni nikalitoa gari kwenye barabara ya vumbi tunayofanyia mazoezi. Kona ya kwanza likaingia vizuri, jamani, vizuri kama zamani. Pua ikafuata usukani, mkia ukaanza kuzunguka taratibu. Hapo ndipo unapotakiwa kukanyaga mafuta na kuliamini gari.

Nikakanyaga breki.

Kona ya pili, breki. Ya tatu sikuifikia, nilisimama pembeni nikazima injini.

Gari ni zima. Mimi ndiye niliyeharibika. Kona baada ya kona nimejifunza kuogopa, nikidhani najifunza subira, na hakuna spana ya kufungua kitu kama hicho. Nimekata tamaa kabisa, na ninaandika hivyo bila aibu.

Sasa yuko sebuleni, anangoja nimwambie limeendaje. Nikimwambia ukweli, atafurahi. Atajaribu kuficha, lakini nitaiona furaha yake.

Nikishaiona, nitaishi naye vipi?