Mche wa Mgombea Wako

Baba mpendwa,

Salamu kutoka Kilimani, ambako mvua imenyesha mpaka viatu vyangu vimeota ukungu. Leo nimemwona yule mgombea urais unayempigia debe kwa sababu anaongea vizuri kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Alikuja kupanda mti kando ya mto karibu na kwa Shangazi, akautia mche shimoni ukiwa bado ndani ya karatasi ya nailoni uliyooteshewa.

Unanijua, hata darasani sikuinua mkono. Lakini mizizi ingekufa, basi nikasema, "Mheshimiwa, hujatoa karatasi."

Mama muuza mahindi akacheka. "Mti umemshinda, mafuriko atayaweza?"

Mgombea akaniuliza kama nina kitambulisho. Nikasema ndiyo, na kura hii itakuwa yangu ya kwanza. Akapiga magoti matopeni, akaichana karatasi mwenyewe, akauliza kama sasa inatosha. Nikamwambia shimo bado ni dogo.

Alichimba tena, Baba. Shangazi anasema alichimba kwa ajili ya kamera za wanahabari tu. Mimi sijui bado, kwa hiyo tafadhali usiwaahidi watu wa huko kura yangu pamoja na yako. Hiyo nitaamua mwenyewe, ingawa nakupenda sana.

Binti yako,
Nyambura