Mashini ya Papa

Siku ya Posho, ni kusema Jumamosi, magaribi.

Kasongo sitamusamehe, hata kama ni shemeji yangu. Leo pa soko ya Kashikishi, sisi wapenzi wa treni tulikuwa tunabishana juu ya mashini za zamani za kuvuta treni, zenye kutumia mazutu ao dizeli, zile Waingereza walitengeneza. Nikasema hakuna yenye kupita ile baba yangu, Papa, alikuwa anaendesha kule Congo.

Kasongo akacheka mbele ya watu. "Ile ilikuwa mbovu. Breki zake njo ziliua baba yako."

Nikamushika shati. Watu wakatutenganisha.

Nilienda kumushitaki kwa dada yangu, bibi yake.

"Njo mimi nilimuambia Kasongo," akasema. "Wewe ulikuwa mudogo. Tulikuambia Papa alikufa na malaria."

Niliondoka bila kumuaga. Sasa ninamuchukia na dada yangu, na ile mashini niliyoisifu miaka yote.