Atomaiza Nne za Bravin

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata Chelimo: mimi ndiye ninayemsafishia kaka yangu Bravin sigara yake ya umeme. Tangu Agosti. Mimi ninayeona haya hata kumwomba mwalimu chaki!

Ilianza kwa ladha ya kuungua. Alitaka kuitupa. Nikasoma kwenye simu yake jinsi inavyofanya kazi, nikaona tatizo ni atomaiza, kile kichwa kidogo kinachogeuza maji ya fleva kuwa moshi. Ndani mna waya uliosokotwa, koili, na pamba iliyopitishwa katikati yake. Utamu wa fleva hugandia kwenye waya mpaka unakuwa mweusi kama sufuria ya githeri. Basi natoa pamba ya zamani. Koili nailoweka kwenye spiriti, naisugua kwa mswaki mkuukuu, polepole, maana waya ukipinda kazi imekwisha. Tangi naliosha kwa maji ya uvuguvugu. Nakausha kabisa. Natia pamba mpya.

Malipo yangu ni saa moja ya kusoma kwenye simu hiyo.

Leo ameniletea nne, mbali na yake. Nne!

Nikamuuliza ni za nani. Akasema za wateja wa kibandani. Ana kibanda cha chaja na kava za simu hapa Lumakanda.

"Wewe osha tu, Mwalimu. Maswali weka kwa mtihani." Mwalimu ndilo jina aliloniita kwa ajili ya vitabu.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa naifikiria ile atomaiza ya tatu. Kwenye mdomo wake kulikuwa na mafuta ya midomo, mekundu kidogo, yananukia stroberi. Wateja wa Bravin ninaowajua ni madereva wa trekta. Dereva gani wa trekta anapaka stroberi?

Nimeweka nukta moja ya rangi ya kucha chini ya tangi lake. Asiyejua hataiona.

Jumatatu, 6 Oktoba

Sasa namshuku kila mtu. Choo cha wasichana kinanukia embe — choo! Tyson, wa dawati la nyuma, ana kikohozi kikavu. Nilimkazia macho, akanigundua.

"Haki, Nekoye ameniangalia! Leo ameacha kitabu, anataka nimuoe!"

Kidato cha tatu chote kikacheka. Nikajificha nyuma ya atlasi. Chelimo peke yake hakucheka. Tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza na shamba lao limepakana na letu. Ndiye rafiki yangu. Sina wa pili. Alinigusa kiwiko, akaniambia niachane nao.

Alinukia stroberi.

Wasichana wengi hunukia stroberi. Naandika hivyo ili niamini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Chelimo alinituma nimtolee rula mkobani. Chini ya sweta la michezo nikagusa kitu kirefu, baridi. Nikakigeuza. Nukta yangu!

Nilimpa rula. Akauliza mbona nimekawia. Nikasema ilikuwa chini ya vitabu.

Kwa hiyo Bravin anawauzia wanafunzi. Na Chelimo ana ugonjwa wa kifua! Vumbi la chaki tu humtoa darasani. Amenificha. Na mimi nimemficha. Leo tumesoma Kemia bega kwa bega kama watu wasiojuana.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Bravin amezileta tena zile nne, pamoja na fleva mpya kwenye chupa isiyo na lebo. Nikauliza imetoka wapi.

"Imetoka kwa chupa."

Hakunitazama machoni. Nikamwambia najua Chelimo ni mmoja wao. Akasema Chelimo ni mtu mzima.

"Ana miaka kumi na saba!"

"Basi yake osha vizuri zaidi."

Ningekataa. Sikukataa. Niliosha kuliko siku zote, nikijiambia kwamba angalau hatavuta uchafu. Lakini hazikauki! Jua hakuna, na Bravin anazitaka alfajiri. Nikakumbuka simu ya Mama ilipotumbukia kwenye ndoo: tuliifukia kwenye mahindi makavu siku nzima, ikapona. Nikazifunga atomaiza zote kwa kitambaa chepesi, pamba zikiwa tayari ndani, nikazifukia kwenye gunia la mwisho la mahindi, stoo.

Ile chupa siiamini hata kidogo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Zimekauka! Zilikuwa na vumbi jeupe kidogo, la mahindi. Nimelipuliza. Bravin ameondoka nazo kabla ya Mama kuamka.

Jumanne, 14 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Niandike kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi, kabla ya gwaride, Chelimo alianguka nyuma ya maabara. Jasho jingi. Mate yanamtoka, anatapika, hawezi kuvuta pumzi. Mwalimu akasema ni kifua chake. Wakampeleka hospitali na gari la shule. Nyuma yangu walikuwa wananong'ona kwamba ni fleva ya Bravin. Hata mimi niliamini hivyo.

Saa ya chakula cha mchana nilikimbia kibandani. Kwa mara ya kwanza maishani nilimpigia kaka yangu kelele, mbele ya watu. Umetia nini kwenye chupa ile? Akanivuta ndani. Akawasha yake, akavuta mbele yangu mara tatu.

"Hii ndiyo fleva yenyewe. Naivuta tangu Ijumaa. Nimekufa?"

Kisha akasema kwa sauti ya chini: nikimtaja atafungwa. Na fundi aliyeziosha ni mimi.

Sikurudi shule. Nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anataka mahindi ya kupeleka posho mill kusagwa, nikachukua debe, nikaingia stoo. Akapaza sauti kutoka nje:

"Lile la mwisho usiguse! Nililitia dawa ya fukusi Jumamosi."

Nikauliza Jumamosi gani.

"Hii juzi! Si nilisema hapa jikoni? Lakini wewe, mama, unasikianga kitabu tu."

Nilisimama na debe mkononi. Vumbi jeupe.

Pakiti ilikuwa kwenye rafu. Imeandikwa wazi: usivute vumbi lake. Dalili: jasho, mate, kutapika, kifua kubana, mboni za macho kuwa ndogo. Nilimshuku Bravin. Nilimshuku Tyson, na choo, na chupa. Vidole vyangu mwenyewe sikuvishuku.

Niliiweka pakiti ndani ya sweta. Mama akaita, mahindi yako wapi? Nilikimbia nusu ya njia ya hospitali, nusu nikatembea.

Hapa nimemkuta Daktari Edah, mama mfupi mwenye miwani. Akauliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikasema rafiki. Akauliza kama Chelimo alikula kitu.

"Hakula. Alivuta. Ni mimi niliyeosha." Na nikampa pakiti.

Alisoma mistari miwili tu. Hakunigombeza. Alirudi ndani mbio akimwita nesi, nikamsikia anasema ni sumu, ile sindano nyingine, haraka, na mwangalieni tena macho.

Alipotoka aliuliza nilisafisha ngapi. Nne. Akauliza tatu zilizobaki ziko wapi. Nikasema mwenye kujua ni kaka yangu. Akanipa simu yake.

Bravin alikata. Nikapiga tena, akakata. Mara ya tatu akapokea.

"Kaka, si fleva. Ni mimi. Nilizikausha kwa mahindi ya dawa."

Nilisikia muziki wa kibandani, halafu ukazimwa.

"Nekoye, unajua unaongea mbele ya nani?"

"Najua. Nipe majina."

"Watanimaliza."

"Nipe majina, Bravin."

Sijawahi kumwita kwa jina bila kusema kaka. Akasema, "Andika."

Sikuwa na karatasi nyingine ila daftari hili, ambalo hata Mama hajui lipo. Niliandika majina matatu kwenye ukurasa wa mwisho. Wawili ni wa darasa letu. Wa tatu ni mtoto wa kidato cha pili, ambaye leo hakuja shule.

Daktari akanyoosha mkono. Nyuma ya ukurasa ule kulikuwa na mambo yangu ya siri, niliyoyaficha mwisho wa daftari tangu Agosti, sitaki mtu ayaone. Nikauchana. Nikampa.