Zamu ya Saa Mbili na Nusu

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwanza, umbea utafuata. Hujambo? Mumeo hajambo? Watoto je, na hilo goti lako linalokusumbua kila ukipanda ngazi? Kama bado linauma, acha kulipaka kila dawa unayouziwa mlangoni, nenda hospitali likapigwe picha, na usinijibu kwamba huna nafasi. Sisi huku ni wazima kabisa. Ninakuandikia kwenye maktaba ya meli, kwenye kimeza kilichokazwa sakafuni kwa skrubu ili kisitembee mawimbi yakija. Kesho tukitia nanga nitaitafuta posta mwenyewe kwa miguu yangu. Simu ya huku ni ghali na kila mtu anakusikiliza, na haya ninayotaka kukuambia nataka uyasome umekaa.

Nikutoe wasiwasi kwanza. Uliponicheka kwamba watu wa tiketi za punguzo hulazwa na mizigo, ulikosea. Chumba chetu hakina dirisha, hilo nakubali, na bomba la maji linapita juu ya kitanda likilalamika usiku kucha, lakini mashuka ni meupe na yamenyooshwa pasi hadi pembeni. Nimeyakagua pindo moja moja, unanijua. Pazia la bafuni tu ndilo limeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwao.

Penye shida ni kula. Chumba cha kulia hakiwatoshi abiria wote kwa mara moja, kwa hiyo tunakula chakula cha jioni kwa zamu mbili: ya kwanza saa kumi na mbili, ya pili saa mbili na nusu. Waliolipa nauli kamili huchagua zamu wakiwa bado kwao. Sisi wa punguzo tunapewa kinachobaki, na kadi yenye zamu na namba ya meza unaichukua kaunta siku ya kupanda meli. Ukishapewa, umepewa.

Sasa wewe unamjua shemeji yako. Mtu amekuwa mwoka mikate tangu ana nywele kichwani. Kuamka kwake ni saa saba usiku, na saa moja jioni ameshauchapa usingizi hata ukimpigia ngoma sikioni hageuki. Mimi nafunga cherehani saa hiyo hiyo. Nikifungua mlango wa nyumbani nasikia mkoromo, nikitoka kitandani asubuhi nakuta upande wake umeshapoa. Tumezaa, tumelea, tumejenga, lakini kuketi meza moja jioni tukala tukiongea kama watu wengine, hapana. Labda kwenye harusi za watu, na huko nako huwa namfinya ili asianguke kwenye kiti. Kwa hiyo safari hii nilikuwa na haja moja tu, na nilishamwambia wazi: nataka chakula cha jioni na mume wangu, kila siku, mpaka turudi. Moyoni nikajiambia kwamba nikilikosa hata hilo, huku ambako hakuna tanuri wala cherehani, basi najua la kufanya.

Siku ya kupanda mimi nilibaki na masanduku karibu na lifti, yeye akaenda kupanga foleni ya kadi. Alikaa huko weee, hadi nikadhani amezama. Aliporudi alinipa kadi bila kuniangalia. Zamu ya pili. Nilimuuliza kama hiyo ndiyo waliyotupa, akasema ndiyo hiyo, kisha akainua sanduku zito kuliko yote akatangulia. Jamani! Nilikuwa nimeomba zamu ya kwanza kwa kila aina ya ombi.

Usiku wa kwanza tulikaa meza moja na muuguzi mstaafu, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kutikisa vijiko. Supu haijafika nusu ya bakuli, shemeji yako kichwa kifuani, kijiko kimesimama mkononi. Yule mama alinyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono akaanza kuhesabu mapigo ya moyo. Ilibidi nimwambie kwamba mgonjwa wake ni mzima, amelala tu. Alicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunahitaji msaada. Mimi nilicheka pia, lakini kicheko changu kilikuwa cha mdomoni.

Usiku wa pili alifika hadi kwenye mkate. Aliuminya, akaunusa, akanong'ona kwamba huyu hakuachwa aumuke vya kutosha, wamemharakisha maskini. Kisha akaniomba radhi, akaenda kulala. Samaki nilimla na muuguzi. Usiku uliofuata ikawa vile vile, tofauti ni kwamba alijaribu kula amesimama ili asisinzie, watu wakadhani anataka kutoa hotuba, meza mbili zikanyamaza kumsikiliza.

Kilichonimaliza kabisa kilikuwa unga. Niliamka asubuhi nikakuta suruali yake nyeusi imekaa kwenye kiti na unga magotini. Unga, mdogo wangu, katikati ya bahari! Kumuuliza, akakiri kwamba saa saba ikifika macho yanafunguka yenyewe, akawa anazunguka kwenye korido hadi pua ikampeleka jikoni kwa waokaji wa meli. Hawakumruhusu kugusa kitu, lakini walimwekea kiti mlangoni, kando ya magunia ya unga, awatazame. Alinieleza mashine yao ya kukandia kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu tuoane. Nilimsikiliza nikimeza mate machungu. Hata huku, nikawaza. Nimemtoa nyumbani, nimempandisha meli, na bado amenikimbia akaenda kwenye unga.

Sasa mimi si mtu wa kulia kwenye mto. Nilivaa gauni langu la kijani, lile unalosema lina mabega ya mwanasheria, nikashuka kwa msimamizi wa chumba cha kulia. Nimembandika jina Bwana Tai, kwa sababu ya kile kitai chake cha kipepeo kilichokaa upande siku zote. Nilimweleza mambo kwa utaratibu: mume wangu ni mwoka mikate, analala na kuku, tunahitaji zamu ya kwanza. Alinijibu kwa adabu kwamba abiria wa nauli ya punguzo hawachagui, na kwamba kuna wa nauli kamili wanaoingoja zamu hiyo hiyo. Nikamwambia tumbo la punguzo na tumbo la nauli kamili yote yananguruma sauti moja. Akacheka, akasema ataniangalizia.

Nikawa naye kila asubuhi. Akifungua mlango, mimi huyo. Nilimwambia mshono wa kwapa wa koti lake unafumuka na kwamba ninatembea na sindano, lakini mkono wangu unakuwa mzito nikiwa na huzuni. Alisema hiyo ni rushwa. Nikasema si rushwa, ni hali ya hewa. Wahudumu wakaanza kunisalimu kwa jina la Mama Zamu, na muuguzi akawa anauliza kila usiku vita vimefikia wapi. Sikukata tamaa hata chembe. Nilishajua nitashinda, kwa sababu sijawahi kushindwa na mtu aliyevaa koti lililofumuka.

Basi juzi asubuhi Bwana Tai alinikuta mlangoni, akanivuta kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi na mzee tuna ugomvi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema amekwenda kutazama kumbukumbu za siku ya kupanda ili aone namna ya kunisaidia, akakuta kwamba zamu ya kwanza tulipewa tangu mwanzo. Tulibahatika, ilikuwa imebaki meza ya wawili, kando ya dirisha. Ni mume wangu aliyeibadilisha palepale kaunta na mwalimu mmoja mwenye mapacha wadogo aliyekuwa akilalamika kwamba watoto wake hawawezi kukesha. Bwana Tai alidhani ninajua, na sasa alikuwa akijiuliza nataka nini kwake.

Loh! Nilishikwa na butwaa. Kisha hasira ikanipanda hadi masikio yakawa ya moto. Nilipanda ngazi zote bila kungoja lifti, nikamkuta shemeji yako kwenye viti vya sitahani, kofia usoni. Nilimvua ile kofia. Nikampa ukweli wake wote, wa meza ya dirishani, wa unga, wa miaka, wa mkoromo ninaoukuta mlangoni. Nilimwambia kama kula na mimi ni adhabu aseme tu, asijifiche nyuma ya mapacha wa watu. Watu waligeuka. Sikujali.

Aliniacha nikamaliza. Wewe unajua maneno yake yanavyotoka, kama mtu anayetoa mikate tanurini, mmoja mmoja. Akasema ni kweli alibadilisha. Akasema saa kumi na mbili ni saa yake yeye. Tungekula saa kumi na mbili, saa moja angekuwa kitandani, na mimi ningebaki peke yangu na usiku mzima, kama nyumbani, tofauti ikiwa bahari tu. Akasema maisha yote mimi ndiye ninayekunja saa zangu kufuata za kwake, nanyata nisimwamshe, naosha vyombo kwa maji ya taratibu. Alitaka mara moja tu aje yeye kwenye saa zangu. Alidhani ni kujikaza tu, siku mbili tatu mwili ungezoea. Usiku wa kwanza ulipomshinda aliona aibu, wa pili aibu ikazidi, na kila nilivyokwenda kupigania zamu ya kwanza ndivyo alivyozidi kushindwa kunieleza. Jikoni alikwenda kwa sababu hajui mtu anafanya nini na usiku usio na kazi.

Nilikaa chini. Kofia yake ilikuwa bado mkononi mwangu nimeikunja kunja.

Bwana Tai kwa huruma zake alikuwa tayari kuturudishia zamu ya kwanza jana. Nilimshukuru nikakataa, akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Koti nilimshonea bure. Muuguzi naye aliposikia habari akatoa amri za wodini: mgonjwa alazwe mchana mapazia yamefungwa, asipewe chakula kizito, akiamka aoge maji ya baridi. Shemeji yako alitii kila kitu. Jana saa mbili na nusu aliingia chumba cha kulia na shati alilonyoosha mwenyewe, macho makavu, amenishika mkono kama bwana harusi. Muuguzi akajidai amealikwa meza nyingine.

Alimaliza supu. Alimaliza samaki. Mkate aliuacha kwenye sahani bila kuusema. Kisha akaniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza: nikifika nyumbani jioni, yeye akiwa amelala, huwa ninafanya nini? Nikamwambia huwa ninakula nimesimama, nimeegemea sinki, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, kwa sababu kuandaa meza ya mtu mmoja kunaniumiza. Hakujua. Aliweka uma chini, akafunika macho kwa kile kiganja chake chenye makovu ya moto, akalia, mdogo wangu, mbele ya wahudumu na vinywaji vyao. Nami nikalia. Tuliondoka wakati wanafagia chini ya viti. Ameshaamua kwamba tukirudi tanuri litalala siku mbili kila wiki, na wateja watakula mkate wa jana, hakuna atakayekufa.

Sasa lile nililotaka ulisome umekaa. Ule mwezi uliopita nilipokuuliza kama chumba chako cha uani bado kiko wazi, nikakwambia nataka kuweka majora ya vitambaa, nilikudanganya. Hakuna majora. Nilikuwa nakitaka kwa ajili yangu. Nilishapanga kwamba nikirudi kutoka safari hii bila kula naye walau mara moja, ninapitiliza kwako na sanduku langu, na yeye abaki na mikate yake. Sikumwambia mtu yeyote, na yeye mwenyewe hajui mpaka leo. Nimefikiri kama nimwambie, na nimeamua nitamwambia, siku moja kati ya zile mbili, tukiwa mezani. Naamini ataweza kulibeba. Mimi pia nitaweza.

Nisalimie mumeo, mwambie aache kukutania kuhusu goti. Wabusu watoto, mkubwa mwambie sare yake nitaipunguza kiuno nikirudi, asimpe fundi mwingine aiharibu. Shemeji yako anakusalimu sana, yuko hapa kando ananingoja, ni karibu saa mbili na nusu na amekataa katakata kukaa chini asije akasinzia.

Chumba cha uani mpangishe yeyote umtakaye.

Ni mimi dada yako,
Fundi