Vidonge vya Figo vya Mzee Hao

Wuzhi, 14 Oktoba 1987

Mdogo wangu Jingtang,

Pokea salamu za nyumbani, wewe na wifi yangu. Mimba yake inaendeleaje? Mwambie asibebe ndoo za maji, na baridi ya Urumqi asiizoee kwa nguvu. Sisi huku tunapumua. Dihuang, mizizi yetu ya dawa, imekubali sana mwaka huu, minene, na ua mzima unanuka mvuke na pombe kama unavyoujua wakati huu wa kuipika.

Baba ni mzima wa mwili. Lakini pua yake imekufa, Jingtang. Jana alinijia na sinia mbili, moja ya dihuang mbichi na nyingine iliyokwisha kuiva ikawa nyeusi, akaniuliza ipi ni ipi. Baba yule yule aliyekuwa akisimama barabarani anajua kuwa pombe imezidi! Nikadhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka.

Dihuang hainitishi. Ukiikosea, mgonjwa ataendesha tumbo na kukutukana, basi. Kinachonitisha ni ule mzizi wa fuzi. Unajua vile vidonge vyake vya figo haviendi bila fuzi, na fuzi isiyoiva ni sumu. Zamani alikuwa akigusa kila kipande kwa ncha ya ulimi, kikimtia ganzi anakirudisha chunguni. Siku hizi anakisia kwa macho. Juzi nilimkuta anasaga vipande ambavyo havijaona moto. Nikamwambia, "Baba, hivi bado." Akanijibu, "Wewe ulikuwa bado unanyonya mimi natibu wilaya nzima. Nenda kaangalie uji wako." Alipotoka kwenda kucheza sataranji na Mzee Kou, nikavimwaga.

Kwake maneno yangu ni ya mtoto wa kike tu. Yako atayasikia. Njoo hata kwa siku chache umwambie apumzike, aniachie mimi chumba cha dawa. Mwakani napata kibali changu cha utabibu, wilayani wameshakubali. Hataona aibu, atasema amemrithisha mwanawe.

Mimi dada yako,
Yunge

*

Urumqi, 2 Novemba 1987

Dada mpendwa,

Hujambo? Baba hajambo? Huku theluji imeshaanguka na kiwandani tunatengeneza vichwa vya treni huku vidole vimekufa ganzi. Mke wangu anakusalimu. Amekuwa mzito, anakula tambi bakuli mbili, anasema ni mtoto ndiye anayekula.

Barua yako nimeisoma na nimecheka kidogo, usinikasirikie. Dada, wewe tangu utotoni ukiona moshi tu, unapiga kelele za moto. Baba ana miaka sabini na mitatu. Nani ana pua ya ujana akiwa na umri huo? Mwache afanye kazi. Ukimnyang'anya kile chungu utakuwa umemzika akiwa hai. Wewe msimamie tu, mkague nyuma yake bila yeye kujua, kama ulivyofanya.

Ruhusa ya kusafiri sasa siipati. Lakini mwaka mpya wetu ukiingia, Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, nitakuja, hilo nakuahidi. Tutakaa naye, tutakunywa kidogo, nitamwambia kwa upole.

Mdogo wako,
Jingtang

*

Wuzhi, 9 Desemba 1987

Jingtang,

Salamu. Baba ni mzima, mimi ni mzima. Mzee Kou yuko hospitali ya wilaya.

Nilikwenda kwa mama mdogo kumwuguza, nikalala huko. Mzee Kou akaja kwa Baba kulalamika kiuno, miguu baridi, mkojo usiokwisha. Marafiki wa miaka yote, unawajua. Baba akampa vidonge vipya, vile alivyovifinyanga mimi sipo. Kabla Mzee Kou hajafika kwake midomo ikamfa ganzi, kisha mikono, akatapika, akaanguka mlangoni pa mkwewe. Walimpakia kwenye tela la trekta. Daktari anasema moyo wake ulikuwa unarukaruka kama chura aliyefungwa kwenye mfuko. Ataishi. Lakini hatakuwa yule Kou tena.

Niliporudi nilikuta ua umejaa watu, na maofisa wawili wa afya wamemsimamisha Baba katikati. Mmoja akauliza, "Mzee Hao, nani ametengeneza dawa hii?" Baba alikuwa ameshika upawa mkononi. Alimtazama yule mtu kama anaulizwa habari za nyumba ya jirani. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa anaogopa, Jingtang, na hajui anachokiogopa.

Nikasema, "Mimi."

Mtoto wa Mzee Kou akanitemea mate miguuni. Ofisa akaandika jina langu. Mzee Kou mwenyewe alipopata fahamu aliwaomba wasinifunge, basi wameishia kukifunga chumba cha dawa, na habari ya kibali changu imekwisha. Wameniambia wazi kwamba nisiombe tena.

Sikulaumu. Nakuandikia tu ujue. Usimwambie mtu yeyote.

Dada yako,
Yunge

*

Urumqi, 23 Desemba 1987

Dada,

Umefanya nini? Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, mpaka msimamizi akaniuliza nani amekufa.

Baba ni mzee, ana jina. Wangemkemea, wangemwonea huruma, yangeisha. Wewe ulikuwa na maisha yako yote ndani ya chumba kile! Ungeniuliza kwanza. Najua, najua, uliniuliza nikacheka.

Nakuja sikukuu. Ruhusa nimeshaiomba. Nitasimama mbele ya watu niwaambie ukweli, hata Baba akinichapa kwa bakora. Nisubiri.

Mdogo wako,
Jingtang

*

Wuzhi, 6 Machi 1988

Mdogo wangu Jingtang,

Hongera kwa mtoto! Simu yako ya maandishi ilifika mkesha wa sikukuu. Amezaliwa kabla ya wakati, lakini mtoto mwembamba hunenepa. Mfunike vizuri, mama yake anywe uji wa mtama na mayai. Usiombe radhi kwa kutokuja. Ningekushangaa kama ungewaacha.

Niliandaa maandazi ya nyama na vitunguu vya majani, nikaweka bakuli tatu kwa mazoea, ya tatu ikiwa yako. Hakuna aliyekuja kutusalimia. Mwaka jana tulikosa viti.

Baba sasa ameambiwa na watu kwamba mimi ndiye niliyemdhuru Mzee Kou, na ameshika hilo kuliko kitu chochote. Majina ya wajukuu wa ndugu zake hayakumbuki, hili analikumbuka. Siku ya pili ya sikukuu alinikuta mlangoni, njia imejaa watu, akaanza, "Nani alikufundisha kuua watu? Katika nyumba yangu? Kou amekula nami tangu tuko vijana!" Nikamwambia, "Baba, twende ndani, kuna baridi." Akasema, "Usiniite Baba mbele za watu." Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walisogea wasikie vizuri.

Chumba cha dawa nilikifungua mwenyewe, watu wa ofisi wasijue, maana asipokaa mle analia. Fuzi yote nimeitupa mtoni. Nimemkatia viazi vitamu vikavu nikavitia rangi kwa mchuzi wa soya, na yeye anavichemsha, anavisaga, anakanda na asali, anavifinyanga vidonge siku nzima. Mimi haniruhusu kuvuka kizingiti. Nampitishia chakula dirishani. Jioni akisinzia naviokota vidonge nawapa kuku.

Kazi nimepata kwenye tanuri la matofali. Mgongo unauma lakini mshahara hauchelewi. Dawa hakuna anayeniomba. Hata mama mmoja aliyekuwa haamini mkono mwingine ila wangu, amenunua vidonge vya kiwandani.

Mbusu mtoto.

Dada yako,
Yunge

*

Urumqi, 20 Machi 1988

Dada yangu,

Salamu kutoka kwetu watatu. Mtoto ameanza kunyonya vizuri.

Sijalala sawasawa tangu barua yako. Nimeamua niwaandikie Mzee Kou na mwanawe niwaeleze kila kitu, na nakala niipeleke ofisi ya afya. Nasubiri neno lako tu. Sema ndiyo, na barua itatoka siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Jingtang

*

Urumqi, 29 Mei 1988

Dada, mbona kimya? Umekasirika? Barua ya Mzee Kou bado ninayo, naogopa kuituma bila wewe. Niandikie hata mstari mmoja. Baba yukoje?

Jingtang

*

Wuzhi, 4 Septemba 1988

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini mko salama na mtoto anakua. Simu yako kwamba reli imekatwa na mafuriko niliipata. Usijitese. Kwa joto lile la Agosti tusingeweza kumweka Baba bila kumzika zaidi ya siku tatu hata kama ungekuwa njiani. Chungu cha maziko, ambacho ni kazi ya mwana kukivunja, alikivunja mtoto wa baba mkubwa kwa niaba yako. Alikivunja vizuri, kwa pigo moja.

Nilinyamaza kwa sababu tangu Aprili Baba hakuweza kushika kijiko, nami nilikuwa baina ya tanuri na kitanda chake. Na pia sikujua nikujibu nini. Sasa najua, na nakuomba: hiyo barua ya Mzee Kou ichome. Nitakueleza kwa nini.

Kiasi cha wiki moja kabla hajatutoka, Baba aliamka asubuhi akiwa na akili timamu, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa namfuta uso. Akaniuliza, "Wewe ni mwanafunzi mpya?" Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimechoka kumwambia mimi ni nani. Akafurahi, akaniambia niketi.

Akanifundisha vidonge vya figo tangu mwanzo, Jingtang. Dihuang ipikwe kwa mvuke na pombe, ianikwe, irudiwe mpaka iwe nyeusi na tamu. Kiazi kikuu kipi, gome la mdalasini lipi. Alipofika kwenye fuzi alinishika mkono. "Hii usikisie. Kila kipande ulimini. Ukisikia ganzi, rudisha motoni, hata mgonjwa akikulilia mlangoni." Hakukosea hata neno moja. Mimi nililia, yeye akadhani nimeogopa kazi.

Kisha akasema, "Mimi nina binti. Utasikia watu wanamsema."

Nikamwambia, "Nimesikia."

"Alimpa Kou fuzi mbichi. Nikamtukana mbele ya watu. Lakini wewe usimseme. Binti yule hakuwa mzembe. Mwanafunzi akikosea hivyo, ni mwalimu aliyepita haraka. Watakaokuuliza, waambie mzee mwenyewe amesema: kosa ni langu mimi."

Akaniuliza, "Umeelewa, au nirudie?"

Nikamwambia nimeelewa, mwalimu. Akafumba macho.

Basi aliyepaswa kuniondolea lawama ameshaniondolea, Jingtang. Asubuhi ile nilibaki nimeshika kitambaa mpaka maji yakapoa.

Dada yako,
Yunge