Mama mkwe anataka kumwumika tena mume wangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimebanwa kila upande. Naitwa Vumilia wa Mwakiro, mume wangu ni Venansi, tulikulia wote kambi ya wakimbizi Tanzania tukarudi Burundi amani ilipopatikana, na shamba tunalolima tulilikuta kwa sababu mama yake alibaki akalilinda peke yake majirani wakilimega, kwa hiyo hapa kwetu neno lake halipingwi. Mwezi jana Venansi alivimba mguu, hospitali wakasema damu imeganda ndani ya mshipa, wakampa vidonge vya kuzuia isigande tena na kumkataza kuviacha. Tulipofika nyumbani mama akasema, "We mukazana, mke wa mwanangu, vidonge havitoe damu mbaya, mi nitaitoa," akamchanja mguu akamwumika kwa pembe kuifyonza damu, nayo ikagoma kukatika, tukabadilisha vitambaa asubuhi mpaka jioni, mimi nalia, mama anafurahi, eti ikitoka nyingi hivyo ndiyo dalili uchafu ulikuwa mwingi. Sasa Jumamosi anataka kurudia, na Venansi aache vidonge kwanza, anasema ndivyo vinavyomlegeza. Kweli amelegea, akisimama anaona kizunguzungu, fizi zinatoka damu, na tangu juzi choo chake ni cheusi kama lami, ingawa namnunulia dawa ya maumivu dukani kila siku. Mwenyewe hataki kumuudhi mama yake. Nimkatalie mkwe vipi bila kuonekana sina shukrani?

Mama Monique, redioni Gitega, anajibu:

Vumilia mwanangu, nilipofika kwenye choo cheusi niliacha kusoma nikakupigia simu, ukaniambia, "Ngoja kwanza nimuulize mama." Umuulize nini? Basi barua yako naisoma leo hewani, naye mama asikie.

Choo cheusi namna hiyo ni damu inayovuja tumboni. Hiyo haingoji Jumamosi. Nakuhurumia, kumpinga mkwe aliyekutunzia shamba ni kazi ngumu. Lakini pembe ni kosa lake, dawa ya maumivu ni kosa lako! Nyingi za dukani huchubua tumbo, na kwa mtu wa vidonge hivyo humwaga damu. Usimpe tena.

Venansi yuko kati ya hatari mbili. Sasa hivi damu inavuja. Akiviacha vidonge kienyeji, inaweza kuganda tena, kipande kikapanda mapafuni akakosa pumzi ghafla. Wa kupima hapo katikati ni daktari, si wewe, si mimi. Kwa hiyo leo usimpe kidonge kingine kabla hajaonwa. Beba paketi zote, hata ile ya dukani, mpeleke hospitali, useme alimeza lini mara ya mwisho, na habari ya pembe usiifiche. Vidonda vikifunguka njiani, kandamiza kwa kitambaa safi, usifunue kila saa kuchungulia.

Na wewe mama, nakuongelesha kwa heshima. Damu ile haikukatika kwa sababu ya dawa, si kwa uchafu. Shamba ulimlindia nani kama si huyu? Nenda naye, mshikilie njiani, umsikie daktari kwa masikio yako.

Vumilia, mama akikubali, mshukuru. Akikataa, ondoka hivyo hivyo. Mkwe aliyenuna huombwa radhi. Venansi akikuishia mikononi, utamwomba nani? Zima redio, mwondoke.